Bi Marlys Haapala na Mpira Upitao Kati ya Miguu

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya kazi ya Bi Marlys Haapala katika Chuo cha Otter Narrows, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane na miezi tisa. Alianza Agosti 1986, akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Tangu hapo chuo kimepitiwa na wakuu saba, makocha sita wa futiboli ya Kimarekani na mashine kumi na moja za kufulia. Ukimwuliza ni kuondoka kwa nani kulikomhuzunisha, atakutajia mashine mbili.

Katika karatasi za ajira cheo chake ni mtunza vifaa. Kazi yake ilikuwa kufua jezi, kukaza kofia ngumu, kujaza mipira upepo, na kutafuta soksi ambazo wenye miguu waliapa hawajawahi kuziona. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba amfundishe mtu yeyote jambo lolote. Hata hivyo wapo wanaume kumi na mmoja, wengi wao sasa wana vitambi na watoto, ambao ukiwauliza nani aliwafundisha mpira watakujibu bila kusita: “Yule mama wa kufulia.”

Hao kumi na mmoja ni warusha-nyuma. Kwa wenzetu wa Kemia na Muziki, ambao huja uwanjani kwa ajili ya soseji tu, mrusha-nyuma ni yule mchezaji anayeinama mbele ya kila mtu na kuurusha mpira kinyumenyume, kati ya miguu yake, hadi kwa mpigaji aliyesimama hatua kumi na tano nyuma yake. Mpira ukifika kifuani, mpigaji anaupiga mbali na maisha yanaendelea. Usipofika, mpigaji anabaki peke yake na wanaume wenye kilo mia moja ishirini kila mmoja wakimjia mbio. Mrusha-nyuma hufanya kazi hiyo mara nane au tisa kwa mechi, kisha huketi. Hakuna mtoto aliyewahi kulilia jezi yake dukani.

Bi Marlys aliijua kazi hiyo kabla ya kuajiriwa. Kaka yake, Eino, alikuwa mpiga mbali wa timu yetu, na utotoni, shambani kwao, alihitaji mtu wa kumrushia mpira. Mbwa alikataa, kazi ikamwangukia dada. Kila siku baada ya kukamua ng'ombe aliinama nyuma ya sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, na kurusha, kiangazi hadi theluji, mpaka akaweza kumpiga Eino kifuani akiwa amefumba macho.

Lakini chuoni aliyemrushia Eino hakuwa dada yake. Alikuwa mtu wa mstari wa mbele, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu tu alikuwa karibu na mpira. Oktoba 1983, akiwa amechoka, akaurusha chini. Ukadunda. Eino akainama kuuokota, na watu watatu wakamfikia kwa pamoja. Goti lake liligeuka upande ambao goti haligeukii. Bi Marlys alikuwa jukwaani na mama yao. Habari hii hajawahi kunisimulia hata mara moja, na nimefanya kazi naye miaka ishirini na miwili. Alinisimulia Eino mwenyewe, ambaye siku hizi anauza chambo kando ya ziwa na anachechemea.

Basi elewa alivyojisikia katika juma lake la kwanza kazini, alipokuwa akipita kando ya uwanja na kapu la nguo akamwona mtu mwingine wa mstari akirusha vivyo hivyo. Kocha wa wakati huo, marehemu Vern Ostrander, aliwachukulia wanawake uwanjani kama mvua: huwezi kuizuia, lakini huna haja ya kuisalimia.

“Kocha,” alisema Bi Marlys, “huyo anarusha kama mtu anayemwaga maji ya vyombo.”

“Bi mdogo, wewe shughulika na soksi zako.”

“Soksi zimeshakauka. Mpigaji wako ndiye atakayeumia.”

“Haya, mjuzi! Njoo utuonyeshe!”

Wachezaji wakapiga miluzi. Bi Marlys akaweka kapu chini, akavua aproni, akaikunja, akauliza, “Uko tayari?” Mpigaji akacheka, mikono yake ikiwa bado kiunoni. Hilo lilikuwa kosa lake. Mpira ulimgonga tumboni akaketi kwenye majani kama mtu aliyekumbuka jambo zito.

“Nilimwuliza kama yuko tayari,” alisema Bi Marlys, akajitwika kapu lake.

Ostrander alimtazama mpigaji wake pale chini. “Kesho uje saa tisa.”

“Kesho nina mataulo.”

“Basi tutakuja sisi.”

Wakaja, na hawakuacha kuja. Mafunzo ya warusha-nyuma wa Otter Narrows yamefanyika katika chumba cha kufulia tangu siku hiyo. Mwanafunzi alipewa taulo bichi lililoviringishwa, akageuzwa kuupa mgongo ukumbi wa hatua kumi na tano, na mwisho wa ukumbi kulikuwa na mashine ya kukaushia iliyoachwa mlango wazi. Wa kwanza alipiga ukuta kwa wiki mbili. Baadaye wakajifunza kuhesabu mizunguko, ili katika mrusho mfupi, ule wa hatua nane kwa yule anayemshikilia mpigaji goli mpira, uzi wa mpira, ule mshono wake, ufike umetazama mbele na mshikaji asiwe na haja ya kuugeuza. Tena aliwakataza kuinua kichwa kusikiliza mashangilio. “Ukisikia kelele, ujue si zako,” aliwaambia. “Wewe ni chumvi. Mpishi hutajwa chumvi ikizidi au ikikosekana, basi.”

Yapo mengi ya kuchekesha ya miaka hiyo. Mama wa mrusha-nyuma mmoja, Bi Geraldine Tibbets, alihudhuria kila mechi kwa miaka minne, akiketi nyuma ya goli na kamera. Siku ya harusi ya mwanawe alileta albamu yenye picha mia mbili. Katika zote, kijana ameinama na makalio ndiyo yanayoonekana. Bibi harusi alifungua ukurasa wa kwanza, akatazama, akasema, “Ndiye.”

Mwaka 2017 akaja Kocha Dale Brubaker, tuliye naye hadi leo, na ambaye amenipa ruhusa ya kuyaandika yanayofuata. Alikuja na kompyuta tatu na imani kubwa. Katika mkutano wake wa kwanza wa idara alituonyesha mchoro wa mistari ya rangi, na kalamu yake ikasimama kwenye mstari mfupi kuliko yote.

“Nafasi ya ufadhili, chakula, kitanda,” alisema. “Kwa mtu anayeinama mara nane kila Jumamosi? Nina watu wa mstari wanaoweza kufanya hiyo kazi.”

“Wanaweza,” alisema Bi Marlys, aliyekuwapo kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa chumba. “Hata mimi naweza kung'oa jino. Utanipa lako?”

“Bi Marlys, mara nane!”

“Na watu wa zimamoto je? Wanazima moto mara ngapi kwa wiki?”

Watu walicheka, lakini uamuzi ulipita na nafasi ya mrusha-nyuma ikafutwa. Kesho yake Bi Marlys alimpelekea mkurugenzi wa michezo, Bi Patrice Dombrowski, barua ya mistari miwili. Iliandikwa kwamba siku mpigaji wetu atakapoumizwa na mpira uliorushwa na mtu asiyefundishwa, siku hiyohiyo yeye Bi Marlys ataacha kazi, na asiagiziwe keki. Bi Patrice aliifungia kwenye droo. Kuanzia hapo akaanza kuhudhuria mazoezi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kazi alipewa Colton Yancey, jitu la kilo mia moja thelathini na tano lenye roho ya njiwa. Mechi ya kwanza ilikuwa Septemba, nyumbani, jua kali, jukwaa limejaa. Mpigaji alikuwa Jonah Sirola, kijana mwembamba wa mwaka wa tatu.

Mrusho wa kwanza wa Colton ulibiringika kama kiazi kilichoanguka kutoka guniani. Jonah aliuwahi na kuupiga kwa ugoko. Wa pili ulimpita Jonah juu ya kichwa, ukapita mstari wa nyuma, ukapita uzio, ukaingia kwenye tuba, lile tarumbeta kubwa lenye mdomo mpana, ya Priscilla Nygaard wa bendi ya chuo, aliyekuwa katikati ya wimbo. Tuba ilitoa mlio mmoja mrefu, kisha ikanyamaza. Waamuzi walifungua kitabu chao. Walipata ukurasa unaohusu mbwa kuingia uwanjani, wa tuba hawakuupata. Ilichukua dakika nne na mpini wa ufagio kuutoa mpira ule.

Wa tatu ulikuwa chini. Ulidunda mara moja, na Jonah akaanza kuinama. Watu watatu walikuwa wameshapita. Mimi nilikuwa nimeshashika mkoba wangu wa huduma ya kwanza, mguu mmoja umekanyaga mstari wa chokaa. Ghafla Jonah akaona bora aishi. Akauacha mpira palepale, akakimbia, akaruka uzio na kutua kwenye foleni ya soseji. Hakuumia hata kidogo. Alirudi na haradali shingoni, na uwanja mzima ukacheka hadi machozi.

Bi Marlys alikuwa kando yangu. Hakucheka. Alikuwa ameshika taulo kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa mweupe kama lile taulo. Alibaki hivyo muda mrefu baada ya Jonah kurudi salama. Nilikuwa nimeshafanya naye kazi miaka kumi na minne, nikidhani namjua.

Tulifungwa vibaya. Baada ya mechi Colton aliingia chumba cha kufulia akilia waziwazi.

“Bi Marlys, mimi sitaki kumwua Jonah.”

“Si kosa lako, mwanangu. Una mikono ya kubebea magogo, wamekupa sindano utunge uzi. Kaa hapo, kunja mataulo.”

Alikunja mataulo hadi akatulia.

Jumatatu akaja Kocha Brubaker mwenyewe. Alisimama akitazama nguo zikizunguka kwenye mashine, kama mtu anayesubiri habari nje ya chumba cha upasuaji.

“Unaweza kunipatia mtu?” alisema hatimaye.

“Mtu hakosekani. Nafasi je, ipo?”

“Hadi mwisho wa msimu. Desemba bodi itaamua kama ibaki au ifutwe moja kwa moja.”

“Na ukisimama mbele ya bodi utasema nini?”

“Nitasema nitakachokuwa nimekiona.”

“Basi fumbua macho, Kocha. Na unaposimama, usikanyage jezi zangu.”

Bi Marlys alibandika tangazo katika ukumbi wa chakula: “Anatafutwa mtu asiyependa kusifiwa.” Walikuja tisa, mmoja wao akidhani ni kazi ya kanisa. Kila mmoja alipewa mataulo saba mabichi. Wengi walilowesha dari. Wa mwisho alikuwa Desmond Pruitt kutoka Flint, mrefu, mkimya, mwanafunzi wa masomo ya mazishi, ambaye kwao wana nyumba ya kuandaa maiti. Alikuwa amecheza kidogo sekondari, kisha akaacha. Aliinama, akavuta pumzi, na mataulo yote saba yakaingia kwenye mashine moja baada ya jingine.

“Umefundishwa na nani?” aliuliza Bi Marlys.

“Kidogo tu shuleni, Bi Marlys. Ila nyumbani nimezoea kazi ambayo ukiifanya vizuri, hakuna anayekutazama.”

“Na watu wakikupigia kelele?”

“Wateja wetu hawana neno. Ila ndugu zao! Acha tu.”

Bi Marlys akafunga mlango wa mashine. “Kesho saa tisa. Lete mataulo yako.”

Desmond alicheza mechi zote tisa zilizobaki. Jonah akaanza kusimama wima tena, badala ya kusimama kama mtu aliye tayari kuruka uzio. Wapiga goli walioonekana vipofu Septemba wakaanza kupata. Gazeti la mji likaandika kwamba “wapigaji wamezinduka,” na Bi Marlys alilisoma akitabasamu kama paka aliyelamba maziwa.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Copper Bluff, majirani zetu, ambao tusingependa watushinde hata katika kuzikana. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda paa, kwa hiyo nusu ya mashabiki walikuwa msituni na nusu nyingine walikuja wamevaa yale makoti yao ya kuwindia ya rangi ya chungwa. Theluji ilianza kipindi cha pili, nzito, yenye maji. Wajumbe watatu wa bodi walikuwa jukwaani wamejifunika blanketi moja.

Zilibaki sekunde kumi na mbili. Tuliongoza kwa alama moja. Mpira ulikuwa wetu, lakini tulikuwa tumesukumwa hadi mlangoni petu, na ilibidi kupiga mbali. Jonah alisimama visigino vyake vikigusa mstari wa nyuma kabisa, hana hata shubiri ya kurudi. Copper Bluff wakapanga watu kumi kumjia.

Kocha Brubaker alimsogelea Bi Marlys. “Mpira umelowa,” alisema. “Utamteleza.”

“Kocha, yule kijana amerusha mataulo mabichi miezi miwili. Mkavu ndio ungemtatiza.”

Yule mnene wa Copper Bluff aliyesimama mbele ya Desmond aliinama akamwambia, kwa sauti tuliyoisikia hadi kando ya uwanja, “Mzika watu, leo tunakuzika wewe!”

Desmond, kichwa chini, akamjibu kwa upole wa kazini, “Pole kwa msiba wako, bwana.”

Yule mnene akabaki anafikiri, na mpira ukaondoka. Ulikwenda moja kwa moja kati ya theluji, ukafika mikononi mwa Jonah kifuani, kwenye herufi ya pili ya jina la chuo. Jonah akapiga. Watu kumi wakamfikia wote kwa pamoja, wamechelewa kwa kufumba na kufumbua, wakampita huku na huku kama maji yapitavyo jiwe. Mpira ulitua ng'ambo ya katikati ya uwanja ukateleza kwenye theluji hadi saa ikaisha.

Wachezaji wakambeba Jonah juu juu. Wakambeba mpiga goli. Wakambeba hata Colton, ikawapasa wasaidiane saba. Desmond aliokota kofia yake akaenda kuketi. Bi Marlys alimfuata, akamtupia taulo kavu begani, akamfuta theluji shingoni kama mtoto wake.

Jumapili gazeti lilitoa ukurasa mzima. Walitajwa wachezaji ishirini na wawili, waamuzi, na paa aliyekatiza maegesho ya magari. Desmond Pruitt hakutajwa. Bi Marlys alilibandika ukutani.

“Umeona?” alimwambia. “Hata mara moja!”

“Nimeona, Bi Marlys. Mama yangu amenunua nakala sita.”

Desemba, Kocha Brubaker alisimama mbele ya bodi bila mchoro wowote. Alisema, “Niliwaambia huyu mtu anainama mara nane tu. Sikuwaambia kwamba katika hizo nane wenzake kumi wanamtegemea yeye, na mmoja wao amesimama pale nyuma hana pa kukimbilia. Nilikosea. Naomba nafasi ibaki, na safari hii iandikwe.”

Mwenyekiti akakuna kidevu. “Huyo kijana alicheza mechi ngapi?”

“Tisa, mwenyekiti.”

“Ajabu. Mimi nilihudhuria tano, sikumwona kabisa.”

“Asante sana,” alisema Bi Marlys kutoka mlangoni, alikosimama na ufunguo wake.

Nafasi ilipita kwa kura zote. Bi Patrice alimrudishia barua yake, naye akaichana vipande, akavitia kwenye viatu vya mazoezi vilivyolowa ili vikauke. Desmond sasa anaendesha biashara ya kwao Flint. Colton anafundisha sekondari, na pale shuleni kwake ni marufuku mtu wa mstari kurusha nyuma bila kufundishwa kwanza mwaka mzima.

Kuanzia mwezi huu Bi Marlys na mumewe, Norbert, wataanza safari ndefu na gari lao la kulala, kuelekea bahari yoyote isiyoganda. Norbert anasema hawana ramani. Bi Marlys anasema anayo yeye, na Norbert hataipata.

Katika hafla ya kumuaga, mkuu wa chuo alizungumza dakika kumi na tano, na Kocha Brubaker ishirini, akasimama mara mbili kufuta miwani. Kisha mgeni wa heshima akaombwa aseme machache. Bi Marlys aliinuka, akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimekunjamana, akasema:

“Kwa miaka thelathini na minane nimekabidhiwa wapiga mbali ishirini na watatu. Hayo ni magoti arobaini na sita. Nimeyahesabu. Yote arobaini na sita yametoka hapa yakiwa mazima.” Akatazama mezani, palipojaa pasti, zile sambusa zetu kubwa za nyama na viazi. “Kuleni, pasti zinapoa.”

Akaketi.

Bi Marlys, shukrani zetu ni nyingi kuliko soksi ulizotutafutia. Njia yenu iwe nyeupe, wewe na Norbert, na kila mfikapo mkute kiti kivulini.

*Lorna Vandermolen, huduma ya kwanza na majeraha, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa idara ya michezo*